Neno "Huria" Lilivyotujazia Ukumbi Bariadi

Wanangu, kama mtachukua jambo moja tu kwangu, basi chukueni hili: mkalimani msimpe soda. Mpeni maji, na maji yenyewe yasiwe ya baridi. Nilijifunza hilo Maswa, kwenye kikao kimoja ambapo mgeni alikuwa anamkumbuka mwenzake aliyefariki. Sauti yake ilikuwa imeshuka, ukumbi umenyamaza, watu wameinamisha vichwa. Akamaliza sentensi, zamu ikawa ya mkalimani. Mkalimani akafungua mdomo, ikatoka gesi, tena mbele ya kipaza sauti. Mkalimani huyo alikuwa mimi.

La pili ni muda. Mgeni akikwambia anahitaji nusu saa, wewe andika saa nzima, maana kila neno litasemwa mara mbili, na Kiswahili kina adabu zake, hakipendi kukimbizwa. La tatu, mgeni akiwa na kichekesho, akuletee siku moja kabla ukione. Vipo vichekesho ambavyo vikifika kwetu vinageuka kuwa msiba au matusi.

Mengine mtayapata huko mbele, maana naona mnaandika na mimi sipendi kuamrisha watu mambo kwa namba. Mmeniuliza nilianzaje kazi ya kupanga vipindi vya lugha mbili. Nilianza kwa kukosea. Acheni niwaeleze nilivyokosea.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika cha pamba. Enzi hizo hatujawa mkoa wa Simiyu, Bariadi ilikuwa bado Shinyanga. Nilisifika kwa kutokosea herufi; meneja wangu alikuwa anasaini barua zangu bila kuzisoma. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao hadi vijijini, chama kikayumba, tukaanza kuitwa ofisini mmoja mmoja. Nilipoitwa mimi, niliambiwa "umepunguzwa". Nilirudi nyumbani na kikombe changu cha chai na shali niliyokuwa natandika kwenye kiti, na kwa miezi kadhaa mtu akitaja neno "huria" mbele yangu nilikuwa nabadilisha mazungumzo.

Vidole vilinisaidia. Kituo cha Walimu walipata kompyuta mbili, wakawa wanazifunika kwa kitenge zisiingie vumbi, na hakukuwa na mtu anayethubutu kukifunua. Mimi nilifunua. Nikaanza kuwapigia chapa mitihani, na baadaye kuwafundisha walimu. Hapo ndipo Doto aliponikuta.

Doto alikuwa mtoto wa hapa Bariadi, mtu mzima tayari, fundi wa programu za kompyuta Dar es Salaam. Yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza programu na kuzitafsiri kwa Kiswahili, kisha wanazigawa pamoja na maandishi yake ya ndani, yale ambayo kampuni kubwa huyaficha. Ukitaka kuona programu inavyofanya kazi, soma. Ukiona kosa, sahihisha. Ukitaka kumpa jirani, mpe. Kila mwaka walikuwa na kongamano lao, na mwaka huo Doto alikuwa amebishana na wenzake mpaka wakakubali lifanyike Bariadi, kwa siku mbili, kwenye ukumbi wa parokia.

"Dada Kabula," akaniambia, "wageni watazungumza Kiingereza. Walimu wetu wanataka Kiswahili. Wewe utapanga vipindi."

"Mimi nimepanga barua tu maishani mwangu."

"Ndiyo hivyo hivyo. Nani anaanza, nani anafuata, nani anajibiwa."

Nikakubali, ila sikujua naanzia wapi. Nikaenda kwa Mzee Maduhu, jirani yangu, aliyestaafu ukalimani mahakamani. Yule mzee miaka yote alikuwa anasimama kati ya hakimu na watu wa vijijini: Kisukuma kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kiingereza, na kurudi tena. Alinipa kiti, akaniambia nisikilize halafu nirudie. Akaanza kuniambia habari za wizi wa ng'ombe kule Kimali, sentensi nne tano, nami nikarudia kwa Kiingereza changu.

"Ng'ombe walikuwa wangapi?" akauliza.

"Wanne."

"Mimi nilisema watano. Mmoja umeshamwiba wewe."

Tulifanya hivyo wiki mbili. Aliniambia msemaji apumzike baada ya kila sentensi tatu, asingoje sita, maana kumbukumbu ya mtu si ghala. Akaniambia mkalimani asikae nyuma ya mgeni kama mlinzi, wasimame bega kwa bega ili watu waone midomo yote miwili. Na akaniambia kama hujaelewa, uliza hapo hapo mbele za watu. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja, ya kudanganya utalala nayo.

Kisha nikamwonyesha jina la kongamano. Kundi la akina Doto walikuwa wameshakubaliana: "programu huria". Walikataa "programu za bure", kwa sababu, alivyokuwa anasema Doto, jambo lenyewe si bei, ni uhuru.

Mzee Maduhu aliisoma ile karatasi mara mbili. "Neno hili ni zuri," akasema. "Ila hapa kwetu lina ndugu zake."

Nilicheka. Mimi, niliyefukuzwa na huyo ndugu yake, nilicheka nikaenda zangu.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Tulikodi gari la matangazo lizunguke Bariadi na vijiji vya karibu. Mtangazaji, kijana mwenye sauti kama ng'oma, akasoma tangazo langu akakunja uso. "Mama, hili neno 'programu' liondoe. Watu watadhani ni programu ya chanjo ya ng'ombe, wataficha mifugo." Nikaona ana maana. Nikachukua kalamu nikalikata. Likabaki hivi: "Kongamano kubwa la huria! Wataalamu kutoka Dar es Salaam na ng'ambo! Njooni muulize maswali!" Nikalisoma kwa sauti, nikaliona tamu.

Siku ya kwanza ilifika. Kwa akili zangu za wakati ule nilikuwa nimetenga vyumba viwili: ukumbi mkubwa kwa Kiingereza, na chumba cha pembeni kwa Kiswahili, mada zile zile, kila mtu achague. Niliona nimefanya haki. Walimu karibu sitini walikuja, wamevaa makoti kwenye jua lile, na wote wakaingia kwenye Kiingereza. Wote! Chumba cha Kiswahili kilikuwa na msemaji, Mzee Maduhu niliyemwomba awe mkalimani, mlinzi wa parokia aliyekuja kupumzika, na mimi.

Nikaenda kuchungulia ukumbini. Aliyekuwa anazungumza ni mgeni kutoka Denmaki, Bwana Henrik, mrefu, mpole, na Kiingereza chenyewe hakikuwa cha mama yake. Walimu walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Kila alichosema, vichwa vinakwenda. Alipouliza kama kuna swali, vichwa vikaendelea kwenda vile vile. Mwalimu mkuu mmoja wa mstari wa mbele alikuwa anatikisa kwa uhodari hata nikamwogopea shingo.

Mimi nawajua walimu wale. Nilikuwa nawafundisha. Hakuna aliyeelewa, na hakuna ambaye angekubali kuonekana anatoka pale kwenda chumba cha Kiswahili, kama mtoto aliyerudishwa darasa.

Saa kumi jioni Bi Rehema alituita. Bi Rehema ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kongamano, mama wa Dar es Salaam, mpole wa sauti, mgumu wa maamuzi. "Bibi Kabula, nimehesabu watu. Kiswahili hakitakiwi. Kesho tunakifuta, wakalimani wapumzike."

Doto akashika kichwa. Yeye alikuwa amepigania Bariadi kwa ajili ya Kiswahili. Tukifuta Kiswahili, wenzake wangerudi Dar na hadithi kwamba watu wa bara walipewa lugha yao wakaikataa. Na mimi ningekuwa nimepunguzwa kwa mara ya pili.

"Bi Rehema," nikasema, "kosa si la Kiswahili, ni langu. Nimewawekea watu milango miwili, mmoja umeandikwa 'msomi' na mwingine umeandikwa 'mshamba'. Nipe kipindi kimoja. Kesho saa tatu asubuhi. Ukumbi mmoja, mlango mmoja, lugha mbili. Ikishindikana, futa."

"Kimoja," akasema.

Nikakimbia kwa Mzee Maduhu, tukapanga kile kipindi sentensi kwa sentensi. Tukamwomba Bwana Henrik apunguze maneno yake nusu. Akatoa kalamu, akakata bila kinyongo. Tangu siku hiyo msemaji anayekubali kukata nampenda bila sababu nyingine.

Kesho yake nilifika saa mbili nikakuta baiskeli zimejaa ukutani mwa parokia. Nikafurahi, nikasema walimu leo wamewahi. Nikaingia ndani. Viti vya mbele vyote vimekaliwa na wakulima. Wanaume kwa wanawake, kofia mapajani, na mzee mmoja ana kifuko cha pamba mbegu, ile isiyochambuliwa, mkononi. Walikuwa wamelisikia lile gari la matangazo.

Mama mmoja alisimama kunisalimia. "Mwangaluka!"

"Mwangaluka, mayu," nikamwitikia mama huyo kwa Kisukuma.

"Sisi tumetoka Kasoli. Mimi ni Nkwimba. Tumekuja kwenye mkutano wa huria, tuna maswali kwa hao wataalamu kuhusu soko la pamba. Tulikuwa tunangoja siku kama hii."

Nikatoka nje, nikamkuta Doto, nikamwambia. Doto akasema tuwaombe radhi waende, la sivyo walimu watakosa pa kukaa. Bi Rehema alikuwa anakuja. Mzee Maduhu alikuwa mlangoni, ana glasi yake ya maji, na kwa heshima aliyonayo hakunikumbusha kwamba alinionya.

"Waambie ukweli," akasema. "Wewe ndiye uliyeandika."

Nikapanda mbele. Walimu walikuwa wameanza kuingia, wanasimama pembeni, wanashangaa. Nikasema: "Wazazi wangu, mimi ndiye niliyeandika tangazo, na nimekosea. Huu si mkutano wa pamba. Ni mkutano wa programu za kompyuta, ambazo nazo zinaitwa huria. Nimewatoa mbali kwa neno moja. Mnisamehe."

Ukumbi ukaguna. Yule mzee wa kifuko cha pamba akaanza kuinuka. Mama Nkwimba akamshika mkono.

"Tumepiga baiskeli kutoka Kasoli," akasema, "halafu turudi hata hatujasikia neno? Kaeni. Huria ya kwanza tuliletewa bila kuelezwa. Hii angalau wanataka kutueleza."

Wakakaa. Walimu nao tukawaletea mabenchi ya kanisani.

Bwana Henrik na Mzee Maduhu wakasimama bega kwa bega. Mgeni anasema sentensi tatu, anapumzika. Mzee Maduhu anazipokea, anazitoa kwa Kiswahili, na akiona uso wa mkulima umefunga, anaongeza nusu sentensi ya Kisukuma. Mgeni akaeleza kwamba programu ni maagizo yaliyoandikwa, kompyuta inayafuata inapohesabu na kupima na kuandika. Kwamba wengi huyafunga maagizo hayo mtu asiyaone, na wao huyaacha wazi.

Mama Nkwimba akainua mkono. Mimi kwenye ratiba nilikuwa nimeandika maswali mwisho. Nikamwashiria Mzee Maduhu: mwache aulize.

"Nataka nijue kama nimesikia vizuri," akasema. "Huyu mgeni ana kitu kinachohesabu na kupima, na anaruhusu watu wakifungue waone ndani kinavyohesabu. Ndivyo?"

"Ndivyo, mayu," akajibu Mzee Maduhu.

"Haya. Mimi napeleka pamba yangu kwa mnunuzi. Nyumbani nimeipima, najua uzito wake. Pale kwenye mizani yake inakuwa nyepesi. Nikisema niifungue hiyo mizani nyuma nione, nafukuzwa. Sasa mwulize mgeni: yeye anapata faida gani kuacha watu wafungue ya kwake?"

Mzee Maduhu alilipeleka lile swali kwa Kiingereza zima zima, hakuiba hata ng'ombe mmoja. Bwana Henrik akaweka chini karatasi zake. Kisha akasema, na Mzee Maduhu akawa anafuata: "Faida ya kwanza, mimi peke yangu sioni makosa yangu. Watu wengi wakifungua, wanaoyaona wananiambia, kazi inakuwa nzuri. Na ya pili, kama huwezi kufungua, itabidi uniamini tu. Na wewe, mama, hunijui."

Mama Nkwimba akawageukia wenzake. "Hapo amesema kweli. Simjui kabisa!"

Ukumbi ulicheka mpaka mgeni naye akacheka kabla hajatafsiriwa. Na wakati kicheko kinapungua, nikamwona yule mwalimu mkuu wa jana, wa shingo, anasimama. Akafungua kifungo cha koti.

"Ndugu wageni," akasema kwa Kiswahili, "jana nilitikisa kichwa siku nzima. Naomba yale ya jana tuyarudie yote."

Wanangu, makofi yale! Walimu walipiga makofi kama waliofunguliwa kamba. Mikono ikaanza kuinuka kila kona. Kipindi cha saa moja kikachukua saa tatu nzima, chai ikapoa, na hakuna aliyelalamika. Bi Rehema alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango. Nilipopita alinipokonya ratiba mkononi, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: "Vipindi vyote hivi hivi." Kisha akaniambia, "Sasa ongeza muda, umetuibia sisi wote chai."

Mchana Doto alifungua kompyuta zake kwenye meza ndefu watu wajaribu. Mama Nkwimba alikaa mbele ya moja. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, na alikuwa anasoma kila kitu kilichoandikwa, hata lebo za magunia. Programu moja ilikuwa imekwama, na kioo kikaleta swali la Kiswahili, lililotafsiriwa na akina Doto kutoka Kiingereza neno kwa neno. Akalisoma kwa sauti: "Je, unataka kuua programu hii?"

Akaondoa mkono upesi. "Kuua? Kwani imefanya nini?"

"Maana yake kuifunga kwa nguvu, mayu," akasema Doto.

"Sasa kwa nini msiseme 'kusimamisha'? Trekta likikwama linasimamishwa, haliuliwi."

Doto akatazama lile neno. Alikuwa ameliona maelfu ya mara. Akafungua yale maandishi ya ndani, mistari juu ya mistari, akashuka mpaka akalikuta, akafuta "kuua", akaandika "kusimamisha". Akafunga, akawasha upya. Akamwambia Mama Nkwimba ajaribu tena.

Akasoma polepole: "Je, unataka kusimamisha programu hii?" Akasoma tena. Akawaita wenzake wa Kasoli waje, akawasomea mara ya tatu. "Mmeona? Nimesema, na imesikia."

Jioni hiyo wakulima walirudi na baiskeli zao bila jibu hata moja la soko la pamba. Sitawadanganya, mizani za wanunuzi hatukuzirekebisha sisi. Lakini ninachojua ni kwamba msimu uliofuata watu wa Kasoli walikataa kupima kwa mnunuzi mpaka kwanza apime jiwe walilolileta wenyewe, lenye uzito wanaoujua. Mama Nkwimba ndiye aliyelibeba.

Mimi kuanzia hapo kazi ikawa hiyo. Nimepanga vipindi Bariadi, Maswa, Meatu, hata Dar es Salaam kwenyewe, na sijawahi tena kuweka lugha mbili kwenye milango miwili. Lakini nimebakiza jambo moja.

Kwenye programu za namna ile kuna orodha ya majina ya walioshiriki kuzitengeneza. Doto alimwandika: "Nkwimba, Kasoli." Miaka miwili baadaye nikiwa kwenye duka moja la kuchapisha barua pale Binza, Maswa, nilifungua programu ile ile nikalikuta jina lake. Nilipanda gari la kwanza kwenda Kasoli kumwambia. Alikuwa anapalilia. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Na la Maduhu lipo?" akauliza.

"La Mzee Maduhu? Hapana."

"Kwa nini? Mimi nilisema, lakini yeye ndiye aliyenisemea. Bila yeye yule mgeni angesikia nini?"

Nilimwandikia Doto, akasema ni kweli tupu, niandike jina nimtumie. Nikaliandika, nikalituma, na toleo jipya lilipofika Kituo cha Walimu nikamwita Mzee Maduhu aje aone. Alivaa shati la mahakamani, lile jeupe. Akakaa, akavaa miwani, nikamshushia orodha mpaka mahali pake. Nikasimama nyuma nasubiri machozi.

Alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Kabula," akasema, "hapa pameandikwa Madudu."

Niliinama nikatazama. Ilikuwa kweli. Mimi, ambaye meneja alikuwa anasaini barua zangu bila kuzisoma, nimempeleka mzee wa watu duniani kote kwa jina la Madudu. Nilianza kuomba radhi kwa lugha zote tatu. Mzee alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, hata walimu wa chumba cha pili wakaja kuona kuna nini.

"Acha, acha," akasema. "Si mlisema huria? Basi sogea."

Nikamfungulia maandishi ya ndani, nikamwonyesha mstari, nikasogea. Alikuwa hajawahi kugusa kompyuta. Akanyoosha kidole kimoja, akafuta ile "d" ya pili mwenyewe, kisha akainamia herufi za kwenye vitufe, anazipitia moja moja kwa utaratibu wa mahakamani, anaitafuta "h", na sisi wote tumesimama nyuma yake na hakuna aliyemwonyesha.